Walisema sita, baba akasikia tisa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Mabatini hapa Mwanza. Nakuandikia kwa sababu usingizi umenikataa.

Baba yangu ni fundi bati. Yuko Makoroboi tangu mwaka 1991, anatengeneza majiko, makarai, keni za kumwagilia na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Tumesoma watoto watano kwa nyundo yake. Ni mtu mkimya, na sijawahi kusikia amemdhulumu mtu hata shilingi kumi.

Mwezi uliopita walikuja wakwe watarajiwa kutoka Musoma kuzungumza mahari yangu. Wao ni Wajita, sisi Wasukuma, kwa hiyo maongezi yalikuwa ya Kiswahili. Sebule ilijaa, feni inazunguka, na katikati ya maongezi mvua ikaanza kugonga bati. Walivutana kistaarabu mpaka mshenga wao akataja ng'ombe sita. Baba akaitikia kwa kichwa, wakapeana mikono, watu wakala, wageni wakaondoka wakicheka. Jioni baba akamwambia baba mdogo, "Ng'ombe tisa si haba, binti ameheshimika." Baba mdogo akashtuka: "Kaka, wamesema sita." Baba akakataa katakata. Kesho yake akampigia mshenga, wakabishana kwenye simu, na tangu hapo upande wa pili wanasema baba ni kigeugeu, kwamba ameona sita hazimtoshi akaamua kugeuza maneno. Mchumba wangu hajui asimame wapi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hata sisi wa nyumbani hatumwamini. Huu ni mwaka wa nne mama anasema baba anasikia anachotaka kusikia. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, hageuki. Ukirudia kwa nguvu anauliza, "Mbona unanigombeza?" Mjukuu wake wa miaka minne akimsimulia jambo, yeye anacheka tu na kusema "eeh". Kwenye jumuiya ameacha kwenda, anadai watu siku hizi wanamung'unya maneno. Lakini honi ya gari anaisikia, na baba mdogo mwenye sauti nzito akija wanapiga soga vizuri tu. Ndiyo maana mama anaona ni makusudi. Usiku mmoja tumekaa nje, baba akaniuliza, "Siku hizi nyenje wamekwenda wapi?" Shangazi, nyenje walikuwa wanalia mpaka kero.

Mama alimnunulia dawa ya matone kwa mtu anayetembeza pale stendi ya Buzuruga, haikusaidia. Jirani anatushauri tumtie mafuta ya moto yaliyokaangwa na kitunguu saumu. Na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 22, ndiye anayeshika grenda hapo kwa baba. Anasema masikio yake yanalia jioni lakini asubuhi yanatulia. Dawa yake ni kuvaa hedifoni na kufungulia muziki ili asilisikie grenda.

Je, baba amekuwa kiziwi? Atapona? Na hili la ng'ombe nilishikeje?

Binti wa fundi bati

—

Marahaba mwanangu.

Kabla hujasoma mbele, tamka maneno haya mawili taratibu: sita, tisa. Irabu ni zilezile, zimekaa mahali palepale. Tofauti yote iko kwenye s na t zilizobadilishana nafasi. Sasa yatamke tena ukiwa umezitoa hizo s na t. Kinachobaki mdomoni ni "i-a" na "i-a". Ndicho alichokipata baba yako siku ile, tena chini ya mvua na feni. Pale palipokosekana sauti, akili yake ilijazia neno ililokuwa inalitarajia. Baba yako hakudanganya. Alisikia tisa.

Sijamchungulia masikio, na mwenye kusema neno la mwisho ni mtaalamu atakayempima. Lakini ulivyoeleza, dalili zinaelekea upande mmoja. Katika maneno tunayosema, irabu ndizo nzito na zenye nguvu, ndizo zinazofanya mtu ajue kwamba ameitwa. Herufi kama s, t, f, k na sh ni nyembamba na hafifu, ila ndizo zinazotofautisha neno na neno. Mtu aliyeumizwa masikio na kelele hupoteza kwanza zile sauti nyembamba, hasa zile za karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Honi ni nzito, anaisikia. Sauti ya mdogo wake ni nzito, anaipata. Ya mama yako ni nyembamba zaidi, ya mjukuu ndiyo usiseme. Anasikia kwamba mtu anaongea lakini hapati anasema nini, ndiyo maana anaona dunia nzima inamung'unya maneno. Na nyenje kilio chao kiko kulekule juu alikopoteza. Nilipofika kwenye lile swali lake la nyenje niliiweka barua yako chini kidogo. Alikuwa anawaambia ukweli, wala mwenyewe hajui kwamba anausema.

Nisikufiche, hili linanigusa. Mama yangu mzazi niliishi naye miaka sita nikiamini ananipuuza. Alipopimwa ndipo nikajua nimekuwa nikimnunia mtu asiye na kosa. Kwa hiyo mama yako simlaumu, ila mwambie neno hilo la "anasikia anachotaka" liishe leo hapo nyumbani.

Sasa ujue kilichotokea ndani. Nyuma kabisa ya ngoma ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojiviringa kama konokono, kimejaa maji. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 kila sikio, na kila sehemu ina sauti zake inazozipokea. Sauti ikiingia, maji yanacheza, vinyweleo vinapinda, ujumbe unakwenda kwenye ubongo. Umeona matete pale ufukweni mtumbwi wa injini ukipita? Yanalala, kisha yanainuka. Ila mahali injini zinapopita kutwa kucha, utakuta yamevunjika na maji yako wazi. Tofauti ni kwamba matete huota tena, na chembe hizi kwa binadamu haziwezi. Ndiyo maana swali lako la kupona lina majibu mawili, na ni lazima yatenganishwe hospitali.

Jibu la kwanza: kama sehemu ya tatizo ni nta iliyoganda, ngoma iliyotoboka, usaha wa muda mrefu au maji nyuma ya ngoma, hayo mara nyingi yanatibika, na mtu hurudishiwa kiasi kikubwa cha usikivu. Jibu la pili: kilichokwenda kwa kelele za nyundo hakirudi kwa matone, kwa sindano wala kwa dua ya kulipia. Atakayewauzia dawa ya kukirudisha anawadanganya.

Kwa hiyo mafuta ya moto na kitunguu, hapana. Nakuomba sana mwanangu. Kama ngoma ya sikio ina tundu, mafuta hayo yataingia ndani kusikotakiwa kitu, na yakiwa ya moto yataunguza hata ngozi ya njia ya sikio. Njiti ya kiberiti, pini ya nywele, unyoya wa kuku, hata vile vijiti vya pamba vinavyouzwa kwa ajili hiyo, vyote husukuma nta ndani zaidi au kutoboa ngoma. Sikio hujisafisha lenyewe. Futa la nje kwa kitambaa, basi.

Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure. Ikihitajika wawape rufaa kwenda Bugando kwa daktari wa masikio, pua na koo. Bebeni dawa zote anazotumia, na mweleze daktari kama amewahi kuchomwa sindano za kifua kikuu au za jentamaisini, maana baadhi ya dawa hizo huharibu usikivu. Watamchungulia kwa kurunzi ndogo, kisha apimwe kusikia: anakaa mahali pa kimya, anavishwa hedifoni, na kila akisikia mlio hata kama ni hafifu anabonyeza kitufe au anainua mkono. Hakuna kinachouma. Majibu huchorwa kwenye karatasi, na kwa mafundi wa miaka mingi mchoro huo mara nyingi huzama ghafla karibu na hezi 4,000. Ombeni nakala. Hiyo karatasi nitairudia nikifika kwenye ng'ombe.

Kuna hali ambazo hazingoji foleni ya kawaida: sikio kuziba ghafla ndani ya siku moja mbili bila sababu inayoonekana, kizunguzungu kikali pamoja na kutosikia, usaha wenye harufu au damu, au sikio moja kudhoofika huku jingine likiwa zima. Ile ya kuziba ghafla ni ya dharura. Siku za mwanzo zina thamani kubwa, kwa sababu matibabu yakicheleweshwa huenda yasisaidie tena.

Akipimwa, wanaweza kumshauri shimesikio, ile ambayo wengi wanaiita mashine ya masikio. Wengi huinunua kisha wakaiweka kabatini, na sababu ni kwamba hawakuandaliwa. Siku ya kwanza ataona kero: vijiko vinagongana, karatasi inachakacha, hatua zake mwenyewe zinapiga kelele. Ubongo wake umekaa miaka bila sauti hizo. Aanze ndani ya nyumba penye utulivu, saa chache kwa siku, aongeze taratibu. Huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Haitamrudishia masikio ya ujana, na kwenye kelele nyingi bado atapata shida, lakini mjukuu atampata. Msinunue vile vinavyotembezwa barabarani. Kifaa kinatakiwa kiwekwe kulingana na mchoro wake, maana kinachokuza sauti zote sawasawa kinaweza kumwongezea kelele kwenye masikio yaliyokwisha kuumia. Na kama anaona aibu, mwambie Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa usikivu uliopungua kiasi cha kuwakwaza. Hayuko peke yake hata kidogo.

Wakati mnasubiri hayo yote, badilisheni namna ya kuongea naye, maana hili halihitaji fedha. Msimpigie kelele. Sikio lililoumia halisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa huliumiza kama kawaida au kuzidi, kwa hiyo unarudia neno, unapandisha, na ghafla anaona unamgombeza. Tena ukipiga kelele unazikuza irabu, na yeye irabu anazo tayari. Mguseni bega au mwiteni kwa jina kwanza, ageuke. Kaeni mbele yake, karibu, mwanga uwe usoni kwenu na si nyuma yenu mlangoni, kwa sababu anasoma midomo hata kama hajijui. Zimeni redio. Sentensi isipompata, isemeni kwa maneno mengine badala ya kuirudia ileile. Na namba, mwanangu, namba zote zionyesheni kwa vidole au ziandikeni.

Sasa nije kwa mdogo wako, maana baba yako tunaokoa kilichobaki, lakini huyu bado ana karibu kila kitu.

Mlio unaokuja jioni na kutulia asubuhi ndio onyo lenyewe. Maana yake siku hiyo chembe zimelala kama yale matete. Zikiinuka asubuhi anajiona mzima, kumbe hata kama usikivu umerudi, tafiti kwa wanyama zimeonyesha kwamba miunganiko ya neva nyuma ya chembe hizo inaweza kuwa imekatika bila kujionyesha. Anarudia kesho, na keshokutwa. Siku moja asubuhi mlio hautaondoka.

Mpe hesabu hii, vijana wanapenda hesabu. Sauti hupimwa kwa desibeli. Maongezi ya kawaida ni kama 60. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zikiongezeka 3, muda salama unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91, saa 2. Ukifika 100 umebaki na dakika 15 tu kwa siku nzima, na grenda linalokata chuma hufika huko. Nyundo juu ya bati ndani ya kibanda cha bati nayo haiko mbali. Kama hana kipimo, atumie mdomo: ikimlazimu apaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja amsikie, hapo pana hatari.

Halafu hiyo hedifoni. Ili muziki usikike juu ya grenda, lazima ausukume uzidi grenda. Vile vispika vya kawaida havizibi kelele ya nje, kwa hiyo sikio linapokea vyote viwili. Anadhani anajikinga, kumbe anajiongezea.

Anachohitaji ni vizibo vya masikio vya sponji, au vifunika masikio vikubwa vinavyokaa kichwani. Aulizie kwenye maduka yanayouza helmeti na buti za kazi. Kizibo cha sponji kina namna yake: anakivingirisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba, mkono wa pili unapita juu ya kichwa na kuvuta sikio kwenda juu na nyuma, anakiingiza, anakishikilia kama nusu dakika mpaka kivimbe. Kikikaa vizuri atajua, maana sauti yake mwenyewe itakuwa nzito kama anaongea ndani ya pipa. Pamba haifai, na kipande cha kitambaa hakifai, kelele inapita humo.

Wakiwa hapo kibandani, waweke mfuko wa mchanga au kipande cha tairi chini ya bati wanapoligonga. Bati lililoegemea kitu laini halipigi mlio mrefu. Kazi ya grenda ifanyike nje, mbali na anayeshona bati. Na akitoka kazini jioni ayape masikio kimya, asiende moja kwa moja kusimama mbele ya spika za baa.

Baba yako naye avae. Utasikia mafundi wakisema masikio yameshazoea. Hayajazoea, yamepungua, na yaliyobaki nayo yatakwenda. Jambo hili ni la zamani mno: miaka 300 iliyopita tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu mafundi wa shaba wa Venice waliokaa mtaa mmoja wakigonga kutwa, na namna walivyozeeka wakiwa hawasikii. Nilipoisoma habari hiyo nilikiona kibanda cha baba yako.

Kijana akipata ajira kiwandani, Nyakato au kwingine, ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge na ampime afya. Asiingie bila kupimwa masikio, ili baadaye ijulikane alianza akiwaje.

Tumefika kwenye ng'ombe.

Mwanangu, watu wengine wote waliokuwa sebuleni walisikia sita, mikono ikashikana. Kwa maoni yangu sita ibaki sita. Baba yako akiikubali kwa hiari ndipo neno la kigeugeu litakapokosa pa kukaa. Lakini asiikubali kama mtu aliyeshindwa. Kwanza baba mdogo amweleze, wawili tu, jioni, karibu na uso wake, yale ya s na t. Amwambie kwamba tumekuamini. Akishapimwa, baba mdogo na yule mshenga waende Musoma pamoja naye, wakiwa na ile karatasi ya hospitali. Na maneno ayaseme baba yako mwenyewe: "Siku ile sikusikia vizuri. Masikio yangu yameumizwa na kazi." Najua sentensi hiyo itakuwa nzito kwake kuliko bati lolote alilowahi kuinua, na msimharakishe. Nao wakwe wana deni la kuliondoa lile neno walilomwita, mbele ya walewale waliolisikia. Mchumba wako ndiye awaandae wazazi wake kabla ya safari. Hapo ndipo mahali pake pa kusimama, na usione haya kumwambia hivyo.

Kikao kijacho mkae kama ifuatavyo: baba ukutani, dirisha likiwa nyuma yake ili mwanga uwaangukie wao usoni, mshenga mbele yake kabisa. Feni izimwe. Aongee mmoja mmoja. Kila idadi iandikwe kwenye karatasi, asomewe, naye airudie kwa mdomo wake. Na kama mvua itaanza kugonga bati, simamisheni maongezi, mletewe chai, msubiri ipite.

Shangazi